Namba Tuliyoipaka Rangi

Tarehe kumi na mbili Mei, siku ya Jumapili, wakati watu wanatoka ibada ya kwanza, tulimpoteza Elirehema, fundi umeme wa kinu chetu cha unga wa ngano pale Gerezani. Alikuwa amekaa mlangoni kwake Ilala akisubiri chai. Mkewe aliporudi na kikombe, hakuwa na wa kumpa.

Ninyi vijana mnaofunga mitambo siku hizi hamkumjua. Nimeombwa niwaandikie niliyoyaona kazini. Kila nikianza naangukia kwake, basi nitaanza naye. Mimi niliishia darasa la saba. Nilichokijua kuhusu mashine kukaa kwenye mtandao mmoja na kusemezana nilifundishwa na yeye, na yeye alifundishwa kidogo na wageni walioleta mashine, kingine akakipata kwa kukosea. Kama nitaeleza vibaya, lawama ni zangu.

Kinu kilikuwa cha serikali. Ikaja miaka ile ya mashirika kuuzwa, nacho kikauzwa. Alikinunua Bwana Jayesh, ambaye watu wake walikuwa wafanyabiashara pale mjini tangu enzi za babu zake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka. Wenzetu wengi walipewa mkono wa kwaheri, tukabaki wachache, na hao wachache tulifanya kazi ya wale walioondoka. Nadhani uchovu nilionao mpaka leo ulianzia hapo.

Bwana Jayesh alileta mashine zenye kontrola, yaani kile kisanduku ndani ya paneli kinachoiambia mashine ijaze, ipime, ifunge. Zamani kila mashine ilijitegemea. Sasa zote zilitakiwa zifungwe waya hadi kwenye kompyuta moja ghorofani, na kila kontrola iwe na anwani yake. Tulipoambiwa hivyo mara ya kwanza tulitazamana. Elirehema akatupeleka dirishani.

"Pale ni Mtaa wa Mchikichi, si ndiyo? Nyumba zote za Mchikichi jina la mtaa ni moja. Zinatofautiana namba. Tarishi akileta barua anatazama mtaa kwanza, halafu nyumba. Na mashine ndiyo hivyo hivyo. Namba za mbele ni mtaa, ya mwisho ni nyumba."

"Na nyumba mbili zikiwa na namba moja?" nikamuuliza.

"Barua ya mkeo atasoma jirani."

Tulicheka. Ila ndiyo ilivyo, na sijapata kusikia maelezo mengine yaliyo mafupi kuliko hayo.

Nitoke kidogo kwenye njia niwaambie habari ya waya, kwa sababu najua mtakwenda kununua Kariakoo. Miaka ile soko lilifunguka, vitu vikamwagika kutoka kila nchi, na kila kitu kilikuwa na jina kubwa juu ya boksi. Elirehema alikuwa anatembea na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Tunafika dukani, muuzaji anaapa kwamba waya ni shaba tupu, Elirehema anamenya ncha kidogo anaigusisha sumaku. Ikinata, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Siku moja muuzaji mmoja, Mchaga mwenzake, alimwangalia mpaka akachoka.

"Kaka, unanunua waya au umepoteza sindano?"

"Natafuta shaba uliyoiapia."

"Mimi nimeapa kwa boksi. Ndani sijaingia."

Alituuzia wa kweli, kutoka nyuma ya duka, na tangu siku ile tukawa wateja wake. Kwa hiyo bebeni sumaku. Na waya wa mawasiliano msiulaze sambamba na waya wa mota kubwa, maana mota ikishtuka kuwaka, maneno ya kontrola yanavurugika. Mkishindwa kuepuka, pitisheni ukikatiza, msipitishe ukiandamana nao.

Jambo jingine ni kuhifadhi. Kontrola zile za kwanza ulikuwa unazipa anwani kwa laptop, zinaipokea vizuri, zinafanya kazi mchana kutwa. Umeme ukikatika, na miaka ile ya mgao ulikatika kama vile unatumwa, ukirudi kontrola imesahau jina lake. Inakaa pale inaomba anwani upya kama mtoto aliyepotea Mnazi Mmoja siku ya sikukuu. Ilikuwa lazima uiambie kwa amri nyingine kabisa kwamba namba hii ni yako moja kwa moja, acha kuomba. Elirehema alipolijua hilo akaweka sheria: ukishaipa mashine namba, izime mwenyewe, iwashe, uone kama inakumbuka. Usisubiri umeme ukufanyie jaribio.

Msidhani alikuwa hakosei. Kuna asubuhi moja alipigana na kontrola ya mchanganyiko, anaiita haijibu, akafungua paneli, akabadilisha waya, akaanza kuwasema waliotengeneza na wazee wao. Mwisho akagundua laptop yake mwenyewe ilikuwa kwenye mtaa mwingine. Alikuwa ameibadilisha jana yake kwa kazi ya mtu wa Posta, hakuirudisha. Alikuwa amesimama Mchikichi anaita mtu wa Magogoni. Alifunga laptop, akaenda kununua chungwa, akalimenya lote.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe.

Zilipokuja namba, tuliamua wenyewe jinsi ya kuzigawa. Kila mfanyakazi alikuwa na namba yake ya kadi, ile unayogonga ukiingia getini. Tukasema namba ya mwisho ya anwani ya mashine iwe namba ya kadi ya mtu anayeitunza. Hakuna haja ya kukariri. Mashine ya kujaza mifuko aliitunza Elirehema, na kadi yake ilikuwa kumi na saba, basi mashine ikawa kumi na saba. Tuliichora namba kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa paneli, kubwa, mtu aione akiwa mbali.

Kulikuwa na desturi nyingine, ya zamani kuliko kontrola. Wengi wetu si wa Dar. Mtu akifa, anasafirishwa kwao, na kazini wanaruhusiwa kwenda wawili watatu. Waliobaki hawapati hata kutupa udongo kaburini. Alipokufa mtu wa boila, akapelekwa Songea, waliobaki walichukua rangi ya kijivu wakaifunika namba yake iliyokuwa kwenye kabati lake la nguo. Ikawa ndiyo udongo wetu. Tangu hapo, kila aliyekufa tulimfanyia hivyo, na namba ile haikutajwa tena, wala hakupewa mwingine.

Elirehema akapelekwa Kilimanjaro. Jumatatu yake sisi tuliobaki tukapanga mstari mbele ya mashine ya kujaza mifuko. Kila mmoja alipitisha brashi mara moja. Wa mwisho alikuwa Mama Tausi, aliyekuwa akishona midomo ya mifuko kwenye mashine ile tangu ilipofungwa. Kumi na saba ikatoweka. Ndani ya kontrola, bila shaka, ilikuwa bado ipo. Hakuna aliyeliwaza hilo, na hata angeliwaza asingelisema siku ile.

Baadaye Bwana Jayesh alileta mashine mpya ya kujaza mifuko, yenye kasi zaidi. Ile ya zamani ikawa ya akiba. Waliifunga mpya wageni, pamoja na mpwa wa Bwana Jayesh, Injinia Hetal, binti aliyekuwa ametoka kumaliza masomo. Alikuwa na heshima yule binti. Asubuhi anapita kila kona, "Shikamoo mzee, shikamoo mama," na anasubiri umwitikie. Mimi wakati huo nilihamishiwa juu kwenye rola za kusagia, kwa hiyo ufungaji wa mashine mpya sikuuona. Wageni walimaliza, wakapanda ndege.

Mama Tausi aliwekwa kwenye mashine mpya, zamu ya asubuhi. Na mashine mpya ikaanza kusimama. Haikusimama mara moja ikaisha. Inajaza mifuko kidogo, taa nyekundu, kwenye kompyuta ghorofani inaandika mawasiliano yamepotea. Unaizima, unaiwasha, inakwenda, inasimama tena. Unga unamwagika sakafuni. Malori yamepanga foleni mpaka barabarani, madereva wanapiga honi. Mchana akiingia kijana wa zamu ya pili, mashine inakwenda kama maji.

Mnaona inapoelekea. Asubuhi inasimama, mchana haisimami. Asubuhi yupo mama mtu mzima, mchana yupo kijana.

"Mama Tausi, wewe unaigusa wapi hii mashine?" Bwana Jayesh alimuuliza mbele ya watu.

"Naigusa unaponiona, bosi."

"Basi kwa nini mwenzako haimsimamii?"

"Labda inampenda. Mimi imeniona mzee."

Watu wakacheka. Hakupaswa kusema hivyo, lakini ndivyo alivyokuwa, mdomo wake haukuwa na mlango. Wafungashaji wengine wakaanza kumwita Mkono wa Chumvi, eti kila anachokigusa kinaharibika. Alikuwa anarudisha maneno na huku anafagia unga, lakini mimi nilimwona siku moja amekaa nyuma ya magunia, ameshika kichwa. Mumewe alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Kazi ile ndiyo iliyokuwa nyumba yao nzima.

Ijumaa mashine ikasimama tena, na lori moja likaondoka tupu. Bwana Jayesh akashuka. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, malizia kesho. Jumatatu usije." Mama Tausi akajibu, "Haya." Mara ya kwanza namsikia anajibu neno moja.

Jumamosi Injinia Hetal alinifuata juu kwenye rola. Macho yalikuwa mekundu.

"Mzee Rajabu, nisaidie. Nataka tujaribu waya mara ya mwisho. Mama akiondoka na tatizo likabaki, nitalala vipi?"

Tukashuka. Mama Tausi alikuwa amefika mapema kama kawaida yake na alikuwa amefanya kila alichokifanya siku zote. Amefagia. Amefuta mashine mpya. Amewasha ile ya zamani.

Hapo ngojeni niwaeleze, maana ndilo jambo lenyewe. Hewa ya Dar ina unyevu na chumvi. Kontrola ikikaa imezimwa wiki kadhaa, inaota ukungu wa kijani kwenye miguu ya shaba, na siku ukiihitaji haiamki. Elirehema alitufundisha kwamba mashine ya akiba inawashwa kila asubuhi mpaka wakati wa chai, ili ipate joto, na waya wake wote ukae umechomekwa, kwa sababu akiba isiyounganishwa ni chuma chakavu. Alipokufa, Mama Tausi aliendelea. Hakuagizwa na mtu. Wote tulimwona anafanya, kama unavyomwona mtu anafagia. Chai ikifika anaizima.

Injinia alikaa kwenye ndoo karibu na kisanduku zinapokutania waya zote, laptop mapajani. Akaanza kuiita mashine mpya mfululizo, ikawa inamjibu. Mimi nikaenda nyuma ya mashine nichomoe waya wake, tuweke mwingine tulioujua ni mzima.

"Umechomoa, mzee?"

"Nimechomoa."

"Chomoa basi."

"Nimechomoa, Injinia."

"Mbona bado inanijibu?"

Nilidhani nimeshika waya siyo. Nikatoka nao nikamwonyesha kichwa chake mkononi. Akautazama waya, akatazama laptop. Mashine mpya imekatwa na dunia, na anwani yake inajibu.

"Unaita namba gani?" nikamuuliza.

"Kumi na saba."

Sikuwa nimeisikia namba ile ikitamkwa ndani ya kinu tangu tulipoipaka rangi. Mama Tausi aliacha kitambaa chake.

"Hiyo ni ya Eli," akasema.

"Eli ni nani?"

Yule binti alikuja kazini Elirehema amekwisha kuzikwa. Mama Tausi akamshika mkono, akamsimamisha mbele ya paneli ya mashine ya zamani. Kwenye mlango, ukitazama kwa pembeni, rangi ya kijivu inaonekana imevimba kidogo kwa umbo la tarakimu mbili. Nyuma ya kioo kidogo taa ya kijani ya kontrola ilikuwa inapepesa, inamjibu yeye.

Akaelewa kabla hatujamaliza kueleza. Alituambia alivyofanya, na hakuna kosa ninaloliona. Alizunguka sakafu yote kutafuta namba isiyo na mwenyewe. Aliona ishirini, ishirini na sita, tisa, zote zimechorwa milangoni. Kumi na saba hakuiona popote. Hata hivyo hakuridhika, akaiita kwa laptop ahakikishe. Aliiita mchana. Mchana mashine ya akiba ilikuwa imezimwa, haikujibu. Akaipa mashine mpya.

Kwa hiyo kila asubuhi Mama Tausi alikuwa anamwamsha mwenye namba wa kwanza, na wawili wanagombania barua moja mpaka saa ya chai. Alikuwa anajifukuzisha kazi kwa mkono wake mwenyewe, kwa kushika wosia.

"Mbona hamkuniambia kuna namba iliyofichwa?" Injinia aliuliza. Hakuuliza kwa hasira.

"Hatukuificha, mwanangu," Mama Tausi akamwambia. "Tuliizika."

Vijana, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, halafu mnaweza kuacha kusoma. Ukiita anwani na isijibu, usiseme haina mtu. Huenda amelala. Huenda umeme umekatika kwake. Ita asubuhi, ita mchana, halafu nenda kwa miguu ukaulize wale waliokuwepo kabla yako, na uulize hivi: je, kuna namba ambayo hampendi kuitaja? Ninyi nanyi, mkizeeka kazini, msinyamaze mno.

Moja ya zile mashine ilibidi iachie namba. Ya mpya ilikuwa imekwisha kuandikwa na wageni kila mahali kwenye kompyuta ya ghorofani, na kuibadilisha kungetaka waitwe. Ikabaki ya zamani. Injinia akaniachia laptop. Nadhani alijua haikuwa kazi yake. Nikafungua ukurasa wa anwani, nikafika kwenye namba ya mwisho, nikabaki nimeweka kidole.

"Niandike ngapi?"

"Kadi yangu thelathini na nne," akasema Mama Tausi. "Si mimi ndiye ninayeitunza? Andika."

"Mama, Jumatatu wewe..."

"Andika, Rajabu. Nikifa mtapaka rangi."

"Mama, usiseme hivyo jamani," Injinia akasema.

"Nisiseme kwani nitaishi kama jiwe?"

Nikafuta kumi na saba. Nikaandika thelathini na nne, nikahifadhi, nikazima mashine, nikaiwasha. Ilikumbuka. Nikarudia tena, ikakumbuka. Tukarudisha waya wa mashine mpya, tukaziacha zote mbili zinawaka, wakati wa chai ukapita, hatukuizima ya zamani makusudi. Mashine mpya haikusimama. Mama Tausi alishona mifuko mpaka kengele, akavua aproni, akaikunja, akaniaga. Bwana Jayesh alikuwa amekwisha kuondoka. Injinia alisema atakwenda kwa mjomba wake nyumbani, atamweleza.

Kinu hakipo siku hizi. Jengo limekuwa ghala la wafanyabiashara wa Kariakoo, wameweka sufuria na vitenge, na mashine zote zilikatwa zikauzwa kwa uzito. Nikipita pale sisimami. Lakini mimi nilitaka kumalizia na ile Jumatatu.

Nilifika nikamkuta Mama Tausi amekaa kwenye jiwe nje ya geti, kikapu miguuni. Injinia alikuwa amempelekea mtu kumwambia aje. Mlinzi hakuwa na habari hiyo. Alikuwa ameambiwa Ijumaa asimruhusu, na hakuna aliyemwambia vingine.

"Mzee Rajabu, mimi nitafanyaje?" mlinzi akaniambia. "Nikimfungulia nitakaa naye pale kwenye jiwe."

Tukasubiri. Wenzetu walikuwa wanagonga kadi, wanapita, wengine wanatazama chini. Gari la Bwana Jayesh likaja, likapiga honi, mlinzi akafungua geti. Gari halikuingia. Kioo kikashuka.

"Mama, kwa nini umekaa huko? Mashine haijawashwa."

"Uliniambia nisije."

Bwana Jayesh aliutazama usukani. Nilingoja aseme lile neno la samahani, na najua Mama Tausi alilingoja pia. Halikuja.

"Panda," akasema, na akafungua mlango wa upande wa pili.

Mama Tausi alisimama, akakung'uta kanga, akachukua kikapu. Hakupanda. Alipita mbele ya gari, akaingia getini kwa miguu, katikati ya njia, taratibu, kwa mwendo wake wa siku zote, na Bwana Jayesh akamfuata nyuma na gari lake kwa mwendo ule ule mpaka mlangoni pa kinu, bila kupiga honi.